Runinga ya Intaneti: Nani Ameketi Mbele Yake?

Wasomaji wenzangu, kwenye masomo ya masoko tunafundishwa kuuliza swali moja kabla ya yote: mteja ni nani? Ajabu ni kwamba ikifika zamu ya runinga ya intaneti, swali hilo tunaliweka kando. Tunauliza ina inchi ngapi, inafungua YouTube au haifungui, inauzwa bei gani. Nataka tulirudishe swali letu mahali pake, kwa sababu wengi wetu hapa Mwanza tumeanza kupata vibarua vya kuwatengenezea wafanyabiashara wadogo video za matangazo. Pesa inayoteketea pale si ya boom letu. Ni ya mama mwenye mgahawa.

Kwanza tuelewane: king'amuzi si intaneti

Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza kufuata mwaka 2013, kilichobadilika ni namna ya kupokea. Picha ikawa safi, chaneli zikaongezeka, lakini mawasiliano yaliendelea kwenda upande mmoja. Kituo kinarusha, wewe unapokea. Star TV iliporusha matangazo kutoka hapa hapa Mwanza, haikuwa na njia ya kujua kama nyumba fulani ya Igoma imewasha au imezima.

Runinga ya intaneti ni barabara ya kwenda na kurudi. Ukichagua video, ombi linatoka sebuleni kwako hadi kwenye kompyuta za kampuni, na jibu linarudi. Kampuni inajua kilichotazamwa, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Hata runinga ya kawaida unaweza kuigeuza hivyo mradi ina tundu la HDMI. Unachomeka kifaa kidogo, unaunganisha na simu au modemu, basi.

Hesabu ya bando

Hapa ndipo wengi wanaumia. Chukua video safi inayovuta megabiti 5 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni megabiti 18,000. Gawanya kwa 8 kupata megabaiti: 2,250, yaani GB 2.25 kwa saa. Mgahawa unaowasha kwa saa 10 utameza GB 22.5 kwa siku. Ukishusha ubora hadi megabiti 1 kwa sekunde, bado ni GB 4.5 kwa siku.

Sasa linganisha. Video ya dakika 2 kwa ubora ule ule wa megabiti 5 ina ukubwa wa MB 75 tu. Iweke kwenye flashi, ichomeke nyuma ya runinga, ijirudie kutwa nzima. Bando: sifuri. Kuwa na runinga ya intaneti hakukulazimishi kutumia intaneti kwa kila kitu.

Somo la Usagara

Niliwahi kumsaidia mama mmoja mwenye mgahawa njia panda ya Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo. Alishanunua runinga, akasikia kwa watu kwamba matangazo siku hizi ni YouTube. Nilipomweleza namna yanavyolipiwa, akaniuliza, "Mwanangu, hao wa YouTube watashuka Usagara kula?"

Swali hilo lilikuwa na masoko ndani yake kuliko kurasa nyingi za vitabu. Wateja wake ni madereva, bodaboda, na abiria wa Sengerema na Geita. Zamani safari yao ilikuwa na foleni ya kivuko pale Kigongo, mtu anasubiri hadi anachoka. Tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025, gari linavuka bila kusubiri. Mteja anayeshuka leo anakula haraka haraka na kuondoka. Tangazo lake halina budi kumkuta hapo hapo mezani.

Tukatengeneza video fupi isiyotegemea sauti: samaki wa kukaanga wa kufungiwa safarini, bei kwa herufi kubwa, na namba ya simu ya kuagizia kabla hujafika. Chakula hicho hakikuandikwa popote pengine mgahawani, ili kila atakayekiulizia tujue ameona runinga. Mama akawa anaweka alama kwenye daftari.

Siku za mwanzo walioulizia walikuwa karibu wote madereva. Abiria, kimya. Nilipokaa pale mchana mmoja nikaona sababu: runinga ilikuwa juu ya mlango wa jikoni, na abiria wanakula macho yakiwa barabarani, gari lisije likawaacha. Waliipa runinga mgongo! Tukaihamishia upande wa barabarani, na alama za abiria zikaanza kuonekana daftarini. Video ilikuwa ile ile.

Kumbuka pia kwamba mtandao huhesabu skrini, hauhesabu vichwa. Watu ishirini wakitazama runinga moja ya mgahawa, au ya kibanda umiza, wanahesabika kama mtazamaji mmoja. Na runinga ikicheza mbele ya viti vitupu, nayo inahesabika. Daftari la mama halikuwa na tatizo hilo.

Lini sasa ulipie mtandaoni?

Kama bidhaa inamfuata mteja nyumbani, mfano makochi au keki, hapo inafaa. Matangazo ya YouTube yanakuruhusu kuchagua eneo na hata aina ya skrini, runinga ikiwemo. Kwa yale yanayoweza kurukwa baada ya sekunde 5, kwa kawaida unalipa mtu akitazama sekunde 30, au hadi mwisho kama ni fupi zaidi, au akibonyeza. Ila mtu aliyeshika rimoti habonyezi kirahisi kama mwenye simu. Namba yako iandikwe kubwa na itamkwe.

Tena sebule si geto. Runinga ya nyumbani inatazamwa na bibi, watoto, na pengine mkwe yupo. Tangazo linalomfanya baba atafute rimoti kwa aibu limeshapoteza nyumba nzima.

Na yenyewe inakutazama

Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kudaiwa kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Programu yake ilichukua vipande vya picha kwenye skrini na kuvilinganisha na hifadhi yake, hivyo iliweza kutambua hata kilichotoka kwenye king'amuzi. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Unapomfungia mtu runinga, usibonyeze "nakubali" kwa niaba yake. Ingia kwenye mipangilio, msomee, achague mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujapokea pesa ya mfanyabiashara yeyote, jibu haya matatu kwa maandishi: nani ataketi mbele ya skrini hii, atakaa muda gani, na tutajuaje kwamba amenunua kwa sababu yake? Ukishindwa kulijibu hata moja, mwambie ukweli asubiri. Runinga yake haitaoza, lakini mtaji wake ukiisha kwenye bando, mgahawa unafungwa.