Jiwe Lenye Vioo Ndani: Je, Hii ni Almasi?

Somo la leo limetokana na swali la kijana mmoja wa hapa kambini. Alinijia na nusu ya jiwe, nje baya kama kiazi, ndani limejaa fuwele nyeupe zinazometameta. Mtu alimwambia ni almasi, akakwaruza nalo kioo mbele ya macho yake ili aamini, kisha akataka baiskeli kwa kubadilishana. Baiskeli hiyo ndiyo inayobeba maji na kuni za nyumba yao.

Jiwe la namna hiyo huitwa jiodi, na fuwele zake ni kwatsi. Linafanyikaje? Ninyi mliotoka Goma mtaelewa upesi. Lile jiwe jeusi lililoachwa na Nyiragongo mwaka 2002 lina vitundu vingi: ni mapovu ya gesi yaliyonaswa wakati uji wa moto ulipokuwa ukiganda. Kusini mwa Brazili na huko Uruguay, miamba iliyomwagika hivyo miaka ipatayo milioni 134 iliyopita ina mashimo makubwa, mengine yanamzidi mtu kimo. Baadaye maji yenye silika iliyoyeyuka (ndiyo iliyomo katika mchanga na kioo) yalipenya humo polepole. Silika ikaganda ukutani kwanza kama akiki, tabaka juu ya tabaka, kisha fuwele zikaota zikielekeza ncha katikati, kwenye nafasi. Chuma kidogo pamoja na mnururisho wa asili wa mwamba huzipa rangi ya zambarau, nayo ndiyo amethisto iliyotajwa katika Ufunuo 21:20. Ikipashwa moto sana hugeuka njano, na wafanyabiashara wengi hufanya hivyo.

Katika mji wa Ametista do Sul, Brazili, kuna kanisa ambalo kuta zake za ndani zimepambwa kwa mawe hayo. Lakini wachimbaji wengi wa huko wameharibika mapafu kwa vumbi la silika. Pambo hilo halikupatikana bure.

Turudi kwenye kioo. Almasi hukwaruza kioo, ni kweli. Lakini kwatsi nayo hukwaruza! Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo ni kama 5 na nusu, kwatsi 7, almasi 10. Basi jaribio lile halikuthibitisha kitu. Tazameni umbo: fuwele ya kwatsi ina pande sita na ncha, lakini almasi ya asili mara nyingi ina nyuso nane, wala haioti kwa kujaza kuta za tundu namna ile. Jiodi ni pambo zuri la mezani, na huuzwa kama pambo.

Kijana alinyamaza kitambo, akauliza, "Sasa mchungaji, nimrudishie?" Nikamwambia amrudishie asubuhi hiyohiyo, tena aende na baba yake. Jioni nilimwona akipita na madumu manne kwenye baiskeli.