Kusahau Wakati wa Kukoma Hedhi

Mwanamke aliyezoea kukumbuka kila jambo la nyumbani huanza kusahau jina la jirani, kuacha sufuria jikoni hadi ikaungua, au kusoma barua mara tatu pasipo kushika maana yake. Wengi huificha hali hii, wakihofu kuwa akili inawatoka.

Sababu zake

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55, na mabadiliko huweza kuanza miaka kadhaa kabla. Homoni ya estrojeni, ambayo pia husaidia kazi za ubongo, hupanda na kushuka, kisha hupungua. Joto la ghafla na jasho la usiku hukatiza usingizi, na asiyelala vyema hukosa umakini mchana. Kwa kawaida hii si dalili ya dimensia, na wengi hupata nafuu baadaye.

Yanayosaidia

- Kuandika miadi na dawa katika daftari moja.
- Kutembea kila siku na kulala kwa saa zile zile.
- Watu wa nyumbani kugawana kazi, wala wasimcheke.

Kumwona daktari

Daktari wa familia aweza kupima damu, kwani upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya thairoidi huleta dalili zinazofanana. Ataeleza pia matibabu ya homoni. Nchini Uingereza, NHS hutoa mkalimani bila malipo. Mtoto asibebeshwe siri za mama yake. Asichelewe mwanamke anayepotea katika njia aliyoizoea, au ambaye hedhi yake imebadilika kabla ya miaka 45. Akichanganyikiwa ghafla, ipigwe simu 999.