Somo: Dawa ya Kikwapa Tunayoweza Kujitengenezea Nyumbani



Somo hili nililifundisha vibaya mara ya kwanza, kwa hivyo naanza na kosa langu. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wachuma chai, upande wa Nyamira. Mama mmoja akaacha kuja mikutanoni. Nilipomtembelea aliniambia kwa aibu kwamba siku moja aliketi karibu na mweka hazina, wenzake wakafungua dirisha na kuchekelea. Hilo tu. Mtu anakaribia kuacha akiba yake kwa sababu ya jasho.

Basi tukapanga siku, nikawafundisha poda ya kwapa. Badala ya kuja na pakiti yenyewe waione kwa macho, mimi nikasema tu kwa mdomo, "Mtie magadi kidogo." Wiki iliyofuata watatu wao walikuja wamepanua mikono kama kuku aliyeshikwa na jua. Walikuwa wametumia magadi ya mawe, yale ya kulainisha maharagwe. Ngozi ilikuwa imebabuka. Niliwaomba msamaha, na hapa naomba tena.

Kwanza tuelewe kikwapa kinatoka wapi. Jasho likitoka mwilini halinuki. Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimeenea mwili mzima na hutoa maji na chumvi ili kutupoza. Za pili ziko hasa kwapani na kinenani, nazo hutoa jasho zito kidogo. Hizi huanza kazi mtoto anapobalehe, ndiyo maana mtoto wa miaka sita anaweza kucheza mpira kutwa nzima na kwapa lake lisinuke. Vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi hula lile jasho zito, na harufu inatokana na kula kwao. Kwa hivyo kikwapa si ugonjwa wala si laana, na si kila mwenye nacho ni mchafu. Wasichana wetu wa darasa la saba na la nane wanastahili kuambiwa hivi mapema, kabla hawajachekwa shuleni.

Dawa ya kwanza ni maji na sabuni, na kukausha kwapa vizuri. Poda ikipakwa juu ya kwapa lisilooshwa ni kazi bure. Kupunguza nywele pia kunasaidia. Tena angalieni nguo: blauzi nyingi za mitumba ni za nailoni na poliesta, na hizo hushika harufu kuliko pamba. Zigeuzeni ndani nje, mzifue, mzianike juani.

Sasa poda yenyewe. Vitu ni viwili tu: wanga na bekingi soda.

Wanga ndio unaokausha unyevu. Dukani kuna ule wa mahindi, laini kama vumbi, wa kufanya mchuzi uwe mzito. Unga wa ugali haufai, una chenga na huvunda. Lakini mwenye muhogo shambani asinunue. Menya muhogo, uoshe, uukwangue kwa bati lililotobolewa kwa misumari. Changanya na maji mengi, ukamue kwa kitambaa safi, halafu yale maji meupe yaache yatulie kwa muda wa saa nne hivi. Mwaga maji ya juu polepole. Wanga utakuwa umekaa chini kama chokaa. Utie maji mapya, ukoroge, uache utulie tena, mara mbili. Kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa, uusage kwa chupa na kuuchekecha. Ukiwa na unyevu hata kidogo utaota ukungu.

Bekingi soda ni ule unga mweupe wa pakiti ndogo, wa kuumulia keki na mandazi. Soma jina kwenye pakiti. Bekingi pauda ni kitu kingine. Magadi ya mawe, kama yale ya Ziwa Magadi kule Kajiado, ni makali zaidi na huchoma ngozi. Vivyo hivyo maji ya majivu tunayotilia mboga. Yabaki jikoni.

Kipimo: vijiko vikubwa vitatu vya wanga kwa kijiko kimoja kidogo cha chai cha bekingi soda. Chekecha pamoja, weka kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Hata bekingi soda huwasha watu wengine, kwa hivyo jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku nzima. Ikiwasha, punguza soda au tumia wanga peke yake. Usipake baada tu ya kunyoa.

Anayependa mafuta achanganye poda hiyo na vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya nazi yasiyotiwa manukato. Mafuta haya huyeyuka joto likifika kama digrii 24, kwa hivyo huku kwetu milimani asubuhi yatakuwa magumu na mchana wa jua yatalegea. Hayajaharibika. Ila huacha madoa kwenye nguo. Mimi napendelea poda.

Ndimu wengi mnaijua. Inapunguza harufu, ni kweli, lakini maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huleta malengelenge na madoa meusi. Mchuma chai asipake asubuhi. Akitaka, apake jioni na aoshe kabla ya kwenda shambani.

Kuna aliyeniuliza kuhusu vumbi la mawe ya Tabaka, kwa kuwa ni laini na ni la bure. Vumbi la wachongaji halijasafishwa wala kupimwa, na likivutwa huumiza mapafu. Tusipake. Hata kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto ya talki duniani kote mwaka 2023, ikabaki na ya wanga wa mahindi.

Na wale wanaoogopa kwamba dawa za kwapa za dukani huleta saratani ya matiti: utafiti haujathibitisha hivyo. Lakini uvimbe kwapani, majipu yanayorudi kila mara, au jasho la usiku pamoja na kukonda na kukohoa, hayo si ya poda. Nendeni kituo cha afya, msingoje.

Vikundi vinavyotaka kuuza, anzeni kwa kujitumia wenyewe miezi kadhaa. Bidhaa ya kupaka mwilini inahitaji alama ya ubora ya KEBS kabla ya kupelekwa sokoni, na mteja mmoja akibabuka jina la kikundi limeharibika.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Leteni pakiti ya bekingi soda na kipande cha magadi, mviweke mezani. Je, kila mmoja anaweza kuvitofautisha?

2. Nani atazungumza na wasichana na wavulana wetu kuhusu kubalehe, na lini?

3. Je, yuko mwenzetu aliyeacha kuja? Nani amekwenda kumuuliza sababu?