Mnyoo wa Kichocho na Konokono Wake



Mzee mmoja wa upande wa Karaba alifika ofisini kwetu Gachoka kuuliza habari za mbegu za ndengu. Alipokwisha kuandikiwa jina hakuondoka. Akaniambia, "Karani, watoto wetu walipimwa shuleni, na wangu akaambiwa ana kichocho. Nijuavyo mimi, mwenye kichocho hukojoa damu. Huyu hakojoi damu, bali tumbo humsokota na choo chake kina damu kidogo. Je, mpimaji hakukosea?"

Hakukosea. Na kwa kuwa swali hilo si la mzee huyo peke yake, leo tuweke ndengu kando tumtazame mnyoo mwenyewe.

Katika Kenya kuna vichocho viwili. Kile cha mkojo huletwa na mnyoo aitwaye Schistosoma haematobium, nacho kimeenea hasa pwani, kama Kwale, Kilifi na nchi ya chini ya mto Tana. Cha kwetu ni cha tumbo, nacho huletwa na Schistosoma mansoni. Huyu hupatikana Mwea, Machakos, Kitui na kandokando ya Ziwa Viktoria. Yuko pia Uganda, Mwanza na Misri. Alivuka hata bahari ndani ya miili ya watumwa, akapata makao Brazil. Pwani ya Kenya hakushika, kwa sababu konokono amchukuaye hastahimili maji yenye joto jingi.

Sasa umbo lake. Dume ni mfupi, kadiri ya sentimita moja. Mwili wake ni bapa, lakini kingo zake mbili zimekunjwa zikafanya mfuo, kama jani la mhindi lililoanza kunyauka. Jike ni mrefu kidogo na mwembamba kama uzi, naye hulala ndani ya mfuo huo. Wana vinyonyeo viwili, kimoja mdomoni na kingine chini yake kidogo, ambavyo hujishikiza navyo. Tundu la nyuma hawana. Mabaki ya chakula huyatapika kwa mdomo ule ule. Chakula chenyewe ni damu yako, kwani makao yao ni ndani ya mishipa ya damu iliyozunguka utumbo. Hukaa humo miaka 3 hata 10, na pengine zaidi.

Lakini si mnyoo mwenyewe aletaye madhara makubwa, ila mayai yake. Jike mmoja hutaga mayai 100 hadi 300 kila siku. Mengine hupenya utumbo yakatoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hata ini, yakakwama humo. Ini hufanya makovu, damu ikakosa njia, na miaka ikipita mtu hujaa maji tumboni au hutapika damu. Mtoto hupungukiwa na damu, akawa mlegevu na asikue vizuri. Mara nyingi hupigwa shuleni kwa uvivu, kumbe si uvivu.

Mpimaji humtambua mnyoo kwa yai. Halifiki hata sehemu ya tano ya milimita, kwa hiyo halionekani bila hadubini. Yai la mansoni lina mwiba ubavuni. La haematobium lina mwiba ncha ya mwisho. Zamani wataalamu walibishana sana kama hawa ni mnyoo mmoja au wawili, mpaka Robert Leiper alipothibitisha huko Misri mwaka 1915 kwamba ni wawili, na kila mmoja ana konokono wake.

Huyo konokono ndiye wa kumjua vizuri. Yai likiingia majini hupasuka, kikatoka kidudu chenye vinyweleo kiogeleacho kwa saa chache tu. Kisipompata konokono, hufa. Kikimpata, hukaa ndani yake na kuzaana, na baada ya majuma 4 au 5 hutoka wadudu wengine kwa maelfu, wenye mkia uliogawanyika kama panda ya manati. Hutoka hasa mchana, jua likiwa kali, yaani saa zile watoto wapendazo kuogelea. Hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote kwa dakika chache, na mkia huachwa nje.

Ukitaka kumtambua konokono, mtoe majini kwa kijiti au ungo, usitumbukize mkono. Wa kichocho cha tumbo ni bapa, amejizungusha kama kamba iliyokunjwa chini, upana wake kama sentimita moja au zaidi kidogo. Wa kichocho cha mkojo ana ncha; ukiielekeza ncha juu, mdomo ukikutazama, tundu liko kushoto kwako. Kuna wa tatu, mwenye ncha pia na tundu kulia. Huyo ndiye huleta ugonjwa wa ini katika ng'ombe, jambo la kuwaangalisha wafugaji. Wote hupenda maji ya polepole yenye majani: mifereji isiyopaliliwa, madimbwi, kingo za mabwawa. Penye mkondo wa nguvu hawakai.

Basi mfereji wako uupalilie, maji yaende kasi, nawe uvae buti ndefu za mpira. Maji ya kuoga yakiwekwa katika pipa lisilo na konokono kwa siku 2, wadudu wale hufa. Habari ya choo ni ngumu zaidi. Wengi wetu tuna choo kizuri nyumbani, lakini shamba liko kilomita mbili, na mtu hushindwa kurudi. Choo cha shimo karibu na majaruba, mbali na mfereji, majirani watano wakichimba pamoja, ni kazi ya siku chache.

Dawa ipo, yaitwa praziquantel, nayo hutolewa kwa vidonge kufuata uzito wa mtu. Huua minyoo waliokomaa, lakini walioingia mwilini juzi juzi huponea. Kwa hiyo nilimwambia yule mzee amrudishe mtoto kupimwa baada ya majuma 6 hivi, na siku hizo zote asimtume mtoni saa za mchana.