Somo la Bustani: Sukuma Wiki Nyuma ya Nyumba



Somo la mwezi huu liko nje ya nyumba, pale mama anapomwaga maji ya kuoshea mchele. Tutajifunza kupanda sukuma wiki. Wengi wetu hapa Bujumbura tumepanga, na neno tunalolisikia kila siku ni hili: "Nipande za nini, na kesho tunarudi kwetu?" Mimi mwenyewe nililisema miaka mitatu, na miaka yote hiyo nilinunua mboga kila jioni, fungu kwa fungu. Jina la mboga hii limetoka Kenya, nalo ni kuisukuma wiki ifike mwisho mfuko ukiwa mtupu. Wiki ya namna hiyo tunaijua.

Nianze na kosa langu. Kwetu, nyanda za juu za Itombwe, kuna baridi, na kabichi hukua bila kuhangaikiwa sana. Nikadhani hapa ni vile vile. Nikapanda mwezi wa Juni, katikati ya kiwanja, juani, na chini nikaweka samadi ya kuku iliyozolewa siku ile ile. Miche 30 ikakauka kabla juma halijaisha. Samadi mbichi huunguza mizizi. Tena sukuma wiki ni ndugu ya kabichi, hupenda ubaridi, na Bujumbura iko chini kando ya ziwa, karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Wenzetu walioko kambini Bwagiriza na Kavumu, huko juu, kazi yao ni nyepesi kuliko yetu.

Basi tafuta upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Kama hakuna, simika vijiti, utandaze majani ya mgomba juu yake. Samadi ikae miezi 3 hivi, mpaka harufu iishe na ifanane na udongo. Mbegu zisie mwezi wa Septemba, ili mvua za Oktoba na Novemba zikusaidie kumwagilia. Sia kwa mistari, usizizike chini zaidi ya sentimita 1, funika kwa nyasi kavu. Zikichomoza, ondoa nyasi mara moja, la sivyo miche itarefuka na kulegea. Baada ya majuma 4, mche ukiwa na majani 4 au 5, uhamishe jioni, si mchana. Kati ya mche na mche acha sentimita 45.

"Pasta, mimi sina hata sentimita hizo." Nimelisikia hilo pia. Chukua gunia la kilo 50. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati yake, lijaze mawe madogo, zungushia udongo uliochanganywa na samadi, sehemu 2 kwa 1. Vuta kopo juu, jaza tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Mawe hayo ndiyo njia ya maji kushuka. Kisha toboa matundu ubavuni, upandike. Gunia moja hubeba miche kama 20, na mwenye nyumba hana la kusema, maana hujachimba kiwanja chake.

Juu ya maji niwe mkali kidogo. Bomba likikauka siku mbili, usiteke maji ya mfereji. Kipindupindu kinaujua mji huu, na hii ni mboga ya majani, uchafu hukaa juu yake. Tumia maji ya kuoshea mchele au mboga. Machache, asubuhi na mapema, yamwagwe kwenye shina.

Wadudu watakuja. Geuza jani: ukiona vidukari vya kijivu vimerundikana, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita 1, unyunyize jioni chini ya majani, asubuhi usuuze. Viwavi tokoa kwa mkono. Watoto wanaipenda kazi hiyo. Ila msinyunyize dawa ya nyanya leo na kuchuma kesho.

Baada ya majuma 6 hivi utaanza kuchuma. Chuma majani ya chini, juu yabaki 5 au 6. Kwangu mtoto alikata ncha zote siku moja ili kumfurahisha mama yake, tukala vizuri jioni ile, kisha tukangoja sana. Osha kabla ya kukatakata, pika kwa muda mfupi na mafuta kidogo, maana mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo. Kwa bugali na ndagala, hakuna atakayeuliza nyama iko wapi.

Sasa nirudi kwa yule asemaye kesho tunaondoka. Katika joto hili sukuma wiki haitoi maua kwa urahisi, kwa hiyo usingojee mbegu zake. Lakini shina likizeeka, ubavuni hutoa machipukizi. Yakifika urefu wa kidole, yabanjue, punguza majani makubwa, yapande kivulini, nayo hutoa mizizi. Gunia la udongo halibebeki. Machipukizi 10 yaliyofungwa katika kitambaa kibichi huingia mfukoni, na ukifika jioni uendako, yatie ardhini kabla hujafungua mizigo mingine.