Kwale wa Udzungwa na Amri ya Kuwatazama Ndege

Masomo: Mathayo 6:25-34, Kumbukumbu la Torati 22:6-7.

Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi wake wasisumbukie chakula wala mavazi, aliwaagiza kuwatazama ndege. Sisi twayasoma maneno hayo upesi, tukayahesabu kuwa ni mfano tu. Lakini neno la Kiyunani lililoandikwa na Mathayo si la kutupa jicho na kupita. Ni la kukaza macho, kama afanyavyo mtu atakaye kukijua kitu. Hiyo ni kazi, na kazi hiyo ina mafundi wake. Mwezi huu na twende shuleni kwao, katika milima ya Udzungwa.

Milima hiyo iko kati ya Iringa na bonde la Kilombero. Kilele chake, Luhombero, chapita mita 2,500. Mtu atakaye kuwatazama ndege wa msitu wa Ndundulu huweza kuanza safari katika kijiji cha Udekwa, upande wa Iringa, akapanda kwa miguu pamoja na wapagazi na kiongozi, na kulala hemani. Mgeni huja na darubini shingoni na kitabu cha picha mfukoni, akidhani ya kuwa atamwona kila ndege aliyeandikwa humo. Siku ya kwanza huona majani tu. Msituni mna giza, ndege wengi hukaa juu katika vilele vya miti, naye mgeni hukanyaga vijiti vikavu na kusema sana. Kiongozi hutangulia polepole. Mara husimama na kuinua mkono: amesikia majani makavu yakichakurwa. Hutazama pia kama mavi ya tembo na nyati ni mabichi, maana wanyama hao wamo, na njia ilikuwa yao kabla haijawa yetu. Jicho la mgeni halijaanza kutafuta bado, na sikio la kiongozi limekwisha kumtambua ndege.

Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa katika misitu hiyo pamoja na wenyeji. Siku moja, chakula kilipokwisha kuliwa, wakaona chini ya chungu miguu ya ndege wasiyemjua. Baadaye wakamwona akiwa hai: kwale mdogo, uso wa rangi ya kutu, mdomo mwekundu, miguu ya manjano, aendaye na wenzake wachache akichakura majani yaliyoanguka. Usiku hupanda mtini kulala. Mwaka 1994 wakamtangaza kwa jina la Xenoperdix udzungwensis. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, maana yake kwale mgeni. Jina hilo lanichekesha kidogo, kwani kwale alikuwa kwake, na wageni walikuwa wao! Lakini wana sababu: ndugu zake wa karibu hawamo Afrika, bali wamo katika misitu ya milima ya Asia. Duniani kote hajulikani ila katika misitu michache ya Udzungwa, tena yuko jamaa yake katika milima ya Rubeho.

Vivyo hivyo mwaka 1979, mtaalamu mmoja alisikia karibu na Sanje sauti ya mnyama wa jamii ya nyani asiyemjua. Kiongozi wake akamwambia papo hapo: huyo ni ngolaga. Mwenyeji alikuwa na jina, na wenye elimu hawakuwa na habari.

Sasa turudi chunguni. Aliyempika kwale hakutenda jambo la ajabu. Kwale ni kitoweo kizuri, na njaa twaijua sote. Basi je, Mkristo aseme nini juu ya mitego? Torati, katika sura tuliyoitaja, yampa mtu ruhusa ya kutwaa makinda, bali yamwamuru kumwachilia mama yao. Mungu hakukataza kula. Alikataza kuikata mbegu. Lakini kitanzi kilichotegwa njiani hakiwezi kuishika amri hiyo. Hakipambanui mama na kinda, wala kwale aliye tele kila mahali na kwale asiye na kwao ila msitu mmoja. Mtegaji yuko nyumbani amelala, na amri imekwisha kuvunjwa. Hivi leo misitu hiyo inalindwa kwa sheria. Lakini sheria ya serikali ingekuwa nzito mno kwetu kama hii ya Musa tungeifundisha mapema?

Dakta Martin Luther, akiyaeleza mahubiri ya mlimani, alisema ya kuwa ndege wamewekwa kuwa waalimu wetu. Tena mwaka 1534, mtumishi wake Wolfgang Sieberger alipotega ndege huko Wittenberg, Luther aliandika barua ya mzaha kwa jina la ndege wenyewe, wakimshitaki Wolfgang. Wakaomba awamwagie nafaka jioni, wala asiamke kabla ya saa mbili asubuhi!

Mwalimu atakayefundisha somo hili asianze kwa maneno. Na awatoe watoto nje alfajiri, wakae kimya robo saa, kisha kila mmoja ataje kwa lugha ya nyumbani jina la ndege aliyemsikia. Majina asiyoyajua mwalimu na ayaandike, akawaulize wazee waliokuwa wawindaji, hata kama hawajabatizwa. Katika jambo hili wao ndio waalimu. Kisha ndipo darasa lifungue Mathayo 6.