Moto wa Mlimani na Kazi ya Wanakijiji

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona, katika njia ya wapandaji kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Upepo ulikuwa mkali na nyasi zilikuwa zimekauka. Mamia ya watu walipanda kuuzima: wafanyakazi wa hifadhi, wanafunzi, na wenyeji wa vijiji vya chini waliojitolea. Hata hivyo moto uliendelea kwa siku nyingi, na ulipokwisha ulikuwa umeteketeza eneo la kilometa za mraba 95 hivi.

Jambo hili linawahusu watu wote wakaao karibu na milima. Misitu ya mlimani ndiyo inayotunza maji. Mito ya Tana na Ewaso Nyiro hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, na Mto Pangani kutoka Kilimanjaro na Meru. Msitu ukiungua juu, mvua huporomosha udongo, na kisha mfereji wa shamba lililo mbali hukauka.

Yafaa kwanza kujua tabia ya moto. Moto huhitaji vitu vitatu: joto, kitu cha kuungua, na hewa. Kimoja kikiondolewa, moto hufa. Pili, moto hukimbia upesi ukipanda mlima kuliko ukishuka, kwa sababu ndimi zake hukausha majani yaliyo juu yake kabla ya kuyafikia. Mteremko ukizidi kwa digrii 10, mwendo wa moto huweza kuwa maradufu. Tena mchana upepo wa mlimani kwa kawaida huvuma kwenda juu, na usiku hushuka. Kwa hiyo mtu asisimame kamwe juu ya moto kwenye mteremko, na saa zifaazo kuushambulia ni alfajiri, wakati umande na baridi vimeupunguza nguvu.

Magari ya zimamoto hukaa mijini, na barabara za mlimani ni chache. Mtu wa kwanza kufika penye moto ni jirani. Nchini Kenya, Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwapa wenyeji nafasi ya kuunda vyama vya misitu vya jamii, na sheria ya mwaka 2016 iliiendeleza nafasi hiyo. Lakini chama kisichojiandaa kabla ya kiangazi hakitafaa kitu siku ya moto.

Maandalizi yenyewe si ya gharama kubwa. Wanakijiji na wachague kiongozi mmoja ambaye amri yake itafuatwa na wote. Waweke zamu ya walinzi mahali palipoinuka, na ishara moja inayojulikana, iwe baragumu, kengele au simu. Majembe, mapanga, reki, ndoo na pampu za kupulizia dawa, zikiwa zimesafishwa vizuri, ziwekwe mahali pamoja. Kabla ya kiangazi, wafyeke ukanda mpana mpakani mwa msitu na kuuparua hata udongo uonekane, ili moto ukose chakula.

Siku ya moto, watu waende kwa makundi, wakiwa wamehesabiwa, na kila kundi lijue njia yake ya kutokea. Waanze nyuma na kandokando ya moto, mahali palipokwisha kuungua, wakipiga miali kwa matawi mabichi na kuifukia kwa udongo. Moto ukionekana umekwisha, kazi bado. Katika nyanda za juu moto hujificha katika mizizi na udongo wenye majani yaliyooza, nao huweza kufufuka baada ya siku kadhaa. Lazima makaa yafukuliwe, yamwagiwe maji, na walinzi wabaki.

Zaidi ya hayo yote ni kuzuia moto usianze. Mara nyingi huletwa na mkono wa mtu: arinaye asali kwa mwenge, achomaye makaa au takataka za shamba, achomaye nyasi apate malisho mapya. Hao ni majirani wanaojulikana, na yawezekana kusema nao mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa msitu ulioungua hujengwa kwa miaka mingi, si kwa siku.